Mwalimu Aliyepima Pumzi za Injini

Karatu tuna mafundi wengi kuliko magari mazima. Ukiegesha kando ya lami na kufungua boneti, hujamaliza kufuta jasho watakuwa wamefika watatu, na kila mmoja atakuja na ugonjwa wake anaoupenda. Mmoja gari lolote huanza nalo kwenye pampu ya dizeli. Mwingine ni mtu wa klachi. Wa tatu hana haja hata ya kutazama. Husikiliza mlio mara moja, anatikisa kichwa kama mtu aliyeletewa habari za msiba, halafu anasema injini ifunguliwe yote.

Jirani yangu hakuwa fundi. Alikuwa mwalimu mstaafu wa fizikia, na kwa miaka yote niliyomfahamu hakuwahi kutengeneza gari la mtu. Yeye alipima tu. Alikuwa na geji ya kompresheni aliyoitunza ndani ya kopo la bati lililowahi kuwa la biskuti, na kwa geji hiyo peke yake aliwaudhi watu wengi kuliko mtoza ushuru wa sokoni.

Jina alikuwa nalo, ila hatukulihitaji. Ukisema "Mwalimu" mtaani kwetu, hata watoto waliofundishwa na walimu wengine kumi walijua unamsema yupi. Uwanja wake na wangu ulitenganishwa na ua wa minyaa, na ua wa minyaa hauzuii sauti. Kwa hiyo asubuhi za Jumamosi, wakati ukungu bado umelala juu ya mashamba ya kahawa, nilikuwa nikiamshwa na mlio wa starta ikizungusha injini isiyowaka, na juu ya mlio huo sauti ya Mwalimu ikihesabu kama anayefundisha darasa la kwanza: "Moja, mbili, tatu, nne, tano. Acha! Nimesema acha, si ongeza."

Kazi yenyewe, kwa asiyeijua, ni rahisi kueleza. Ndani ya kila silinda kuna pistoni inayopanda na kubana hewa. Hewa ikibanwa sawasawa, injini ina nguvu. Ikivuja, injini inakohoa, inatoa moshi, na asubuhi ya baridi inakataa kuamka kama mwanafunzi wa bweni. Mwalimu alitoa plagi zote, akafunga geji kwenye tundu la silinda moja baada ya nyingine, akazungusha starta na kuandika namba kwa chaki kwenye ukuta wa banda la kuku. Namba zikilingana, alisema, "Amefaulu." Moja ikianguka, alisema, "Huyu namba tatu alikuwa anategemea wenzake." Kisha akafunga geji na kwenda kunawa mikono.

"Sasa nifanye nini, Mwalimu?" mwenye gari alikuwa akiuliza.

"Hilo mimi sijui. Mimi si fundi. Aliyekupiga eksirei ndiye atakayekushona?"

Watu walikuwa wanaondoka wamenuna, lakini Jumamosi iliyofuata walileta gari la shemeji yao.

Tabia mbaya aliyotoka nayo darasani ni kwamba hakusahau maksi za mtu. Nusu ya madereva wa watalii katika mji huu walipita mikononi mwake. Dereva alikuwa akija na miwani yake ya jua na shati lenye mifuko minane, anawaeleza wageni mambo ya simba kwa Kiingereza kilichonyooka, na Mwalimu alimtazama kwa upole na kusema, "Wewe ulipata kumi na tisa kwa mia. Tena mbili nilikuonea huruma." Wageni hawakuelewa Kiswahili, nao walitabasamu wakidhani wanabarikiwa. Mimi namshukuru Mungu sikusoma kwake.

Madalali wa magari walimchukia kwa moyo mmoja. Yupo mmoja aliyeleta pikapu ya kuuza, imeng'arishwa mpaka unaweza kuchania nywele mbele yake. Mnunuzi, mkulima wa vitunguu kutoka bondeni, alisisitiza ipimwe kwanza. Mwalimu hata hakufungua kopo lake. Alichomoa kijiti cha kupimia oili, akakiinua juu, akangoja tone lidondoke. Halikudondoka. Akangoja tena. Sote tukangoja naye.

"Hii siyo oili," alisema mwishowe. "Huu ni uji wa mgonjwa. Umeukoroga na nini?"

Dalali akaapa kwa marehemu mama yake kwamba ni oili ya bei mbaya kutoka Arusha. Mwalimu akampa pole ya marehemu. Akasema oili nzito namna ile huwekwa ili kuziba ringi za pistoni zilizolika, na kwamba gari lingefika bondeni vizuri sana kwa sababu ni mteremko, ila kurudi ndiko kungekuwa na mjadala. Mkulima wa vitunguu akaondoka kwa miguu akicheka. Dalali alihamia uchochoro mwingine.

Usidhani alipenda kuyaua magari tu. Kuyafufua ndiko kulikomletea maadui wa heshima zaidi. Kamati ya gari ya kanisa letu ilikuwa imeamua kwamba gari la mchungaji limechoka na linunuliwe jingine. Walikuwa wameshachagua rangi. Ili mambo yaende kwa utaratibu, mjumbe mmoja akapendekeza Mwalimu alipime, akiamini mzee hatakosa kuona silinda moja imekufa. Jumapili, baada ya matangazo, Mwalimu akasimama kwenye benchi lake la nyuma.

"Nimepima," alisema. "Silinda zote nne ziko sawa. Wapendwa, hilo gari ni zima kuliko kamati."

Mchungaji, ambaye kumbe alilipenda gari lake, aliinamisha kichwa kama anayesali. Mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Nyumbani kwake, bila shaka, mambo yalikuwa kinyume. Mke wake, mama mcheshi aliyezungumza naye Kiiraqw wakati wa mapenzi na Kiswahili wakati wa ugomvi, aliwahi kuniambia juu ya ua, kwa Kiswahili, sauti ya kutosha kusikika mpaka bandani: "Mama Happy, huyu mwanaume anasikia hewa inayotoka kwenye tundu la sindano ndani ya gari la mtu. Mlango wa choo chetu unapitisha upepo miaka sita, hajausikia." Gari la kwake hakuwa nalo. Alikwenda sokoni kwa baiskeli ambayo breki yake ilikuwa kisigino cha kiatu. Akipanda basi la Arusha alikaa nyuma kabisa, na kabla ya kufika Mto wa Mbu abiria wote walikuwa wamekwisha kuambiwa kwamba valvu za basi hilo hazifungi.

Nami ningeendelea kumcheka kupitia ua kama watu wengine, kama mume wangu asingefariki.

Aliniachia mtoto mmoja na Landkruza moja ya kubebea watalii. Mtoto alikuwa shuleni. Landkruza ilikuwa uwanjani, na ndiyo iliyokuwa inamsomesha huyo mtoto. Mume wangu alikuwa akiikodisha kwa kampuni ndogo za hapa, na mara nyingi aliiendesha mwenyewe. Arobaini ilikuwa haijapita aliponijia shemeji yangu, mdogo wake marehemu, amevaa koti la msiba na uso wa kusaidia.

"Shemeji," alisema, "hili gari litakusumbua. Wewe ni mwanamke, utajuaje mambo ya injini? Acha nilete fundi alitazame, kusudi tujue."

Fundi akaja. Alikuwa yule wa tatu, wa kutikisa kichwa. Akasema niwashe. Asubuhi ilikuwa na baridi, gari likasumbua, likakohoa, likawaka na moshi mweusi ukajaa uwanja mzima mpaka kuku wa Mwalimu wakalalamika. Fundi akatikisa kichwa. Akasema injini imekwisha, silinda mbili hazisukumi, na kwamba mtu atakayelichukua gari lile atalichukua kwa ajili ya bodi tu. Kwa bahati, shemeji akasema, yeye alikuwa na rafiki aliyekuwa akitafuta bodi.

Nilikwenda jikoni nikalia kwa sababu nilikuwa nimemwamini fundi. Sikulilia gari, nililia kwa vile nilijiona mjinga, nimekaa miaka kumi na miwili kando ya mwanaume aliyeshika usukani na sijui hata oili inawekwa wapi. Niliporudi nje kutupa maji, Mwalimu alikuwa amesimama upande wa pili wa minyaa, kopo la biskuti liko kwapani.

"Nimesikia gari lako limefariki," alisema. "Nani aliandika cheti?"

Nikamweleza.

"Alipima?"

"Hapana, Mwalimu. Alitikisa kichwa."

"Aha. Kile kipimo cha kichwa." Akapita kwenye tundu la ua bila kukaribishwa. "Lete kitambaa safi, kijiko cha chai na daftari. Na wewe ndiye utakayezungusha starta. Mimi sipimi gari la mtu aliyekaa jikoni."

Alinishughulisha tangu saa mbili mpaka saa saba mchana. Kwanza alinifundisha kuchomoa waya wa dizeli ili injini izunguke bila kuwaka. Kisha tukatoa hita plagi zote sita, zile zinazopasha moto silinda asubuhi, na akaniagiza nizipange juu ya gazeti kwa mpangilio, moja mpaka sita, akinionya kwamba nikizichanganya atanipa sifuri. Akafunga geji kwenye silinda ya kwanza. "Zungusha." Sindano ya geji ikapanda kwa mruko, ikaruka tena, ikatulia. Akanisomea namba nami nikaiandika. Ya pili sawa na ya kwanza. Ya tatu sawa. Ya nne sawa. Ya tano ikapanda nusu njia, ikachoka.

"Moja," nikasema. "Alisema mbili."

"Kwa hiyo ameshakosa nusu. Endelea."

Ya sita ilikuwa nzima kama ya kwanza. Akarudi kwenye ya tano. Akamimina kijiko kimoja cha oili ndani ya tundu, akanitaka nizungushe tena. Alieleza huku anafanya, na alipoeleza kejeli zote zilimtoka. Alikuwa mwalimu tu, mtu anayetaka uelewe. Kama ringi za pistoni zimelika, alisema, oili itaziba ule mwanya kwa muda na namba itapanda. Kama namba haipandi, tatizo liko kwingine, labda kwenye valvu au gasketi.

Namba haikupanda.

"Vizuri," alisema, na kwa mara ya kwanza nilimwona ametabasamu kwa furaha isiyo na mtu wa kuumia. "Sasa tumsikilize anavujia wapi."

Tukapandisha pistoni ya tano mpaka juu. Akaweka gia na kuvuta breki ya mkono ili injini isizunguke, akaunganisha mpira wa kompresa ndogo ya kujazia matairi kwenye tundu la silinda, akafungulia hewa. Kisha akatoa mfukoni kipande cha mpira mwembamba, akaweka ncha moja sikioni, na ile nyingine akaanza kuizungusha huku na huku kama daktari. Akaiweka kwenye tundu la kujazia oili. "Kimya. Ringi haina kosa." Akafungua rejeta akatazama maji. "Hayatoi mapovu. Gasketi haina kosa." Akaniagiza niende nyuma niweke sikio kwenye eksosi. Nikapiga magoti kwenye vumbi, mjane mwenye kitambaa cheusi kichwani, sikio kwenye bomba la gari.

"Unasikia nini?"

"Sisikii kitu, Mwalimu."

"Njoo sasa usikilize hapa."

Akanipa ule mpira, akaelekeza ncha yake kwenye mdomo wa kuingizia hewa. Nikasikia sssss, nyembamba, kama mtu anayemnyamazisha mtoto kanisani.

"Valvu ya kuingiza hewa. Haikai vizuri kwenye kiti chake. Kuirekebisha ni kazi ya siku moja, na mwenye kuifanya yupo, nitakuelekeza, alipata sabini na nne. Hita plagi mbili zimeungua, ndiyo maana asubuhi haliamki." Kisha akafungua boksi la filta ya hewa, akaitoa filta na kuigonga juu ya jiwe. Lilitoka vumbi la kutosha kupandia mche. Lilikuwa jeupe, la Engaresero kule Ziwa Natron, safari ya mwisho ya mume wangu. "Na moshi mweusi ndio huu. Mama Happy, injini yako haijafa. Imezibwa pua."

Nilirudi jikoni nikalia tena, safari hii bila aibu. Aliponisikia alipiga kelele kutoka nje kwamba betri itaisha, nije nizime taa.

Shemeji alirudi siku ya tatu, na yule rafiki wa bodi nyuma yake. Niliwakaribisha chai. Halafu nikawasomea namba kutoka kwenye daftari, moja mpaka sita, nikawaeleza na kijiko cha oili, na mapovu yasiyokuwepo, na sauti ya sssss. Rafiki wa bodi akamtazama shemeji. Shemeji akatazama chai. Kwenye ua wa minyaa Mwalimu alikuwa anapogoa tawi moja ambalo halikuwa na haja ya kupogolewa, na akasema kwa sauti ya kawaida tu, "Soma na ya tano, mama, usiifiche. Sisi hatufichi."

Gari hilo limemsomesha Happy mpaka chuo. Naliendesha mwenyewe, na wageni wakishangaa kuona mwanamke kwenye usukani, nawaambia nilisomea kwa mtu asiyekuwa na leseni.

Baada ya mke wake kufariki, Mwalimu alihamia Wasso, kule Loliondo, kwa binti yake mwenye duka la dawa. Alihama bila kuaga, kwa maelezo kwamba kuaga ni kuvujisha. Nilikaa miaka mitatu bila kumwona. Kisha mwaka jana nilipeleka wageni kambini Engaresero, wakachukuliwa pale na gari la kampuni nyingine, na badala ya kurudi moja kwa moja nikakata kona kupanda Wasso na mizigo ya mfanyabiashara mmoja. Asubuhi nikaenda kumtafuta.

Nilimkuta kwenye kibaraza cha duka amevaa sweta mbili. Alikuwa amepungua. Nikampa shikamoo yangu na hakuitikia, nikadhani ameudhika, mpaka binti yake akaninong'oneza nipaze sauti: masikio yalikuwa yamekwenda. Yale masikio!

"SHIKAMOO, MWALIMU!"

"Marahaba. Usinipigie kelele kama kondakta. Gari linaendaje?"

"ZIMA!"

"Ulilipima lini?"

Nikasema Januari. Akaridhika. Halafu akatazama barabara pande zote mbili kama mtu anayepanga kuiba kuku, akaniuliza kama nina nafasi ya kumpeleka Soitsambu. Si mbali na Wasso. Nikasema ninayo. Alipanda bila kumwambia binti yake.

Njiani, huku tunatikisika kwenye mawe, ndipo akanieleza. Miaka mingi nyuma, kabla hata sijawa jirani yake, mfugaji mmoja wa Soitsambu alileta pikapu yake Karatu ipimwe. Mwalimu aliipima. Silinda zote zilisoma chini sana. Akamwambia yule bwana, na hapa Mwalimu alirudia maneno yake mwenyewe akitazama dirishani, "Hii usiitengeneze. Hii izike." Yule mfugaji aliiuza siku ileile kwa watu wa vyuma chakavu.

"Baada ya siku mbili nikapima gari lenye injini mpya," alisema. "Nayo ikasoma imekufa. Ndipo nikafungua geji. Kuna kimpira cha duara pale mwisho, kinachozuia hewa. Kilikuwa kimepasuka. Iliyokuwa inavuja ni geji yangu."

"ULIMWAMBIA?"

"Pikapu ilikuwa imeshakatwa vipande. Nikajiambia nitakwenda Soitsambu mwezi ujao." Akajishika kwenye mlango, gari likaruka jiwe. "Kila mnada hapa Wasso namwona anauza ng'ombe. Naingia kwenye duka la viatu. Nimeshanunua jozi nne, mama. Miguu ninayo miwili."

Nilikuwa na mambo mengi ya kejeli ya kusema. Mtu mwenyewe alinifundisha. Sikusema hata moja.

Boma la mfugaji lilikuwa juu ya kilima kidogo. Mzee mwenyewe alikuwepo, mrefu, rubega nyekundu na redio ndogo mkononi, na mke wake alikuwa amekaa mlangoni akitunga shanga. Alimtambua Mwalimu kabla hajashuka. Tukakalishwa kwenye vigoda. Mwalimu hakungoja chai wala habari za mifugo. Alisimama, akaunganisha mikono nyuma, akasema yote kama mtu anayesoma ripoti: geji, kimpira, siku mbili, kunyamaza kwake. "Gari lako lilikuwa zima," alimaliza. "Nililiua mimi."

Mzee akamtazama. Kisha akacheka. Alicheka mpaka akaweka redio chini.

"Mwalimu, unajua lile gari lilinitesa kiasi gani? Mtu akiumwa jino, anakuja kwangu. Harusi, kwangu. Mbuzi wa shangazi, kwangu. Nilikuwa nakuombea baraka! Niliwaambia ndugu zangu wote, mwalimu wa Karatu mwenye mashine amesema lizikwe. Nikalala usingizi."

Nikapaza sauti nikamrudishia Mwalimu maneno hayo. Uso wake ulibadilika. Alikuwa amejiandaa kwa hasira miaka yote hiyo, na sasa hakuwa na pa kuiweka. "Anacheka?" aliniuliza. "Mwambie asicheke. Hili si jambo la kuchekwa."

"Yeye anacheka," alisema mke wa mfugaji.

Alikuwa ameacha kutunga shanga. Kiswahili chake kilikuwa cha mnadani, kifupi, kisicho na mapambo.

"Yeye anacheka kwa sababu alikuwa anaendesha tu. Maji yalikuwa yanaletwa na nini? Lile gari lilikuwa linaleta maji. Lilipoondoka, nilileta mimi, na punda wawili. Kiangazi kile chote. Natoka jua halijatoka, narudi jua limekaa katikati. Punda mmoja alikufa njiani, nikabeba madumu yake mgongoni. Mimba ilikuwa ya miezi saba."

Mzee aliacha kucheka. Nadhani mambo haya hakuwa ameyasikia yakisemwa pamoja namna ile.

Mwalimu alikuwa anamtazama yule mama midomo, kisha akanigeukia. "Anasema nini?"

Nikasema anasema habari za maji.

"Usinipunguzie, Mama Happy. Sema kama alivyosema."

Basi ilibidi niseme. Nilisimama pale kwenye kilima cha watu, nikampigia kelele mzee aliyeniokoa, neno kwa neno, kwamba alimtwika mwanamke mjamzito madumu. Yule mama alisema kipande, nikakipaza. Akasema kingine, nikakipaza. Alisema kuhusu mgongo ambao mpaka leo akiinama unauma. Alisema kuhusu mtoto, kwamba alizaliwa mdogo, kwamba alipona, kwamba sasa ni mrefu kuliko baba yake, lakini kwamba kwa wiki tatu hakuna aliyejua kama atapona. Alisema angekuja mtu kuwaambia kosa, hata kama gari limekatwa, mume wake angeona haya na kutafuta jingine. Sauti yangu ilikatika mara mbili. Ilipokatika, Mwalimu aliinua kidole, akangoja, akaniashiria nirudie pale nilipoachia.



Yule mama alipomaliza, Mwalimu alivua kofia. Alikwenda mpaka pale mlangoni, polepole kwa sababu ya magoti, akainama mbele yake kuliko nilivyowahi kumwona akiinama mbele ya injini yoyote.

"Mama," alisema, "nimekosa. Gari nililikosea, na wewe nilikukosea zaidi kwa kunyamaza."

Nilingoja aongeze, kwa kuwa namfahamu, lakini hakuongeza.

Yule mama akanyanyuka, akaingia ndani, tukasikia sufuria. Alitoka na kikombe kikubwa cha chai ya maziwa kimejaa mpaka ukingoni, akamwekea mikononi na kumkalisha kwenye kigoda chake mwenyewe, kile cha mlangoni, kivulini.

"Umechelewa," alisema. "Kunywa, itapoa."

Nilifungua mdomo kumpazia maneno hayo, lakini Mwalimu alikuwa tayari ameinamisha kichwa na kuanza kunywa.